Pengo la Saa Nne

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wauza vyakula wa Masasi na Newala

Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikianza kupima vitu kwa gramu. Mazoea yana taabu.

Nimeombwa nizungumzie asusa. Njiani nikawa nalitafakari neno lenyewe. Wa rika langu mnalikumbuka enzi zake: asusa ilikuwa kile kipande cha nyama, konzi ya karanga au embe bichi lenye chumvi, kilichomsindikiza mnywaji wa tembo kikamwondolea ukali mdomoni. Leo nenda kliniki ya mama na mtoto utalikuta neno hilo hilo limebandikwa ukutani. Limeokoka, limeacha pombe, sasa linahubiri lishe. Maana yake ya leo ni chakula kidogo kinacholiwa kati ya mlo na mlo, kisichohitaji kuwashiwa moto mkubwa wala kukaliwa mkekani.

Watu huniuliza, mwalimu, asusa nzuri ni ipi? Nami huwauliza: jana usiku mlikula nini? Hawapendi jibu hilo, wanadhani nawakwepa. Lakini sijui njia nyingine ya kulijibu swali. Muhogo wa kuchemsha ni asusa njema kwa mtu aliyekula wali, maharage na mboga za majani. Muhogo ule ule kwa mtoto aliyelala na ugali wa muhogo ni kurudia hesabu moja mara mbili. Kazi ya asusa ni kuziba pengo la mlo, na pengo la mlo wa huku kwetu nalijua kwa sababu nimekulia ndani yake.

Mimi ni mtu wa Newala, wa juu. Ninyi wa Masasi mko chini, kwenye majabali yenu, mna mabonde, mna mpunga kidogo, mna mboga za kumwagilia. Sisi kule juu tuna mchanga, upepo na mandhari. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote linavyoteremka kuelekea Ruvuma, na maji unayaona kwa mbali, huko huko chini, kama mtu anayeonyeshwa pesa za mwenzake. Katika ardhi kama hiyo muhogo ni mfalme. Hauogopi ukame, unavumilia mchanga usio na rutuba, na unakusubiri shambani hata ukichelewa kuuchimba. Sitausema vibaya muhogo, umetulea. Ila gramu 100 za muhogo mbichi hazina hata gramu moja na nusu ya protini, na mafuta yake ni ya kutafuta kwa darubini. Unampa mtoto nguvu za kukimbia. Nyama ya mwili, damu na mifupa avitafute kwingine.

Huko kwingine kulikuwepo zamani, nako hakukuitwa kwa jina lolote. Mtoto alitoka asubuhi na kurudi jioni, na katikati alikuwa amekula njia nzima: mbaazi mbichi, njugu mawe, embe, pera, na ule mnofu mnaoutaja kwa jina la heshima, samaki nchanga. (Wageni msiojua ni samaki gani huyo anayeishi mchangani, ni panya wa shamba, na sitaki mtu akimbie ukumbini.) Mama alipika mara moja au mbili kwa siku. Nusu nyingine ya chakula ilipikwa na jua, na hakuna aliyeihesabu. Walipokuja watu wa kuandika kaya zetu zinakula nini, waliandika ugali na mboga, wakaondoka.

Sasa tazameni saa nne ya leo. Kengele ya mapumziko imelia. Mtoto ana shilingi 200. Nje ya uzio wa shule kuna meza nne. Ya kwanza ina maandazi. Ya pili ina mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kuchovya. Ya tatu ina juisi ya unga iliyogandishwa kwenye vifuko, nyekundu na ya njano. Ya nne ina pipi, biskuti na bisi. Nimezunguka meza za namna hiyo shule nyingi, na kila mara nafanya zoezi moja: najaribu kutumia shilingi 200 kununua kitu ambacho mtoto huyu hakukila jana usiku. Mara nyingi nashindwa. Wanga, wanga uliokaangwa, sukari, wanga wenye sukari. Tumbo linajaa, pengo linabaki pale pale.

Wakubwa msicheke. Chai yenu ya saa nne ofisini ni meza ile ile, ila imewekewa kitambaa. Chapati mbili, kitumbua, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, halafu mtu anarudi kukaa kwenye kiti hadi saa tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama vijiko vya chai sita kwa mtu mzima. Soda moja ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa. Na chai yenyewe, hata ikiwa kavu, huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kunde. Mama mjamzito anayesukumia kisamvu na chai ya rangi anajinyang'anya mwenyewe. Aiache hata saa moja baada ya kula.

Niwaelekeze kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Nilikuwa nyumbani, msimu wa korosho umekolea, nikaketi kibarazani kwa jirani anayeuza maandazi. Akaja mtoto wa miaka kama minane, kakunja ncha ya fulana kama mfuko. Akafungua: korosho ghafi, ameziokota chini ya mikorosho. Jirani akahesabu kwa vidole viwili viwili, haraka, kama mtu anayecheza bao. Ishirini. Akazimimina kwenye kopo, akamkabidhi mtoto andazi moja. Mtoto akaondoka amefurahi, na jirani yangu, ambaye ni mtu mwema, naye akafurahi.

Nikafanya hesabu zangu. Korosho ghafi kama 180 hadi 200 hutimiza kilo. Ishirini ni kama gramu 100. Ukizibangua unapata robo yake, gramu 25 hivi za kiini, zenye protini gramu nne na nusu, mafuta mazuri, chuma na magnesi. Hiyo ndiyo asusa ambayo mtaalamu wa lishe angemwandikia mtoto huyo kwenye karatasi. Sasa pesa: mwaka 2018, pale serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, korosho ishirini zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 300. Andazi lilikuwa la shilingi 100. Tunapiga kelele kila msimu kuhusu kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa bei ya kupunja, tunataka walanguzi wakamatwe, na tuna haki. Lakini kangomba ya kwanza mtoto anaifundishwa kibarazani, na anayepunjwa hapo ni mwili wake.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu ale ada ya shule. Korosho ndiyo bati, ndiyo sare, ndiyo mahari. Ninachosema ni kwamba kati ya korosho zote zinazoondoka hapa kupitia vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, nyingi zikiwa ghafi kuelekea India na Vietnam, kilo chache kwa kila kaya hazitamfilisi mtu. Mkorosho ulitoka Brazil ukaletwa na Wareno hadi pwani ya Msumbiji karne ya 16, ukavuka Ruvuma, ukatupenda. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilizalisha takribani tani 145,000. Na bado ukiingia nyumba nyingi za wakulima mwezi wa tano, huipati korosho hata moja ya kumkirimu mgeni. Mgeni anapewa biskuti.

Tena kuna vipande. Kinamama mnaobangua mnajua: korosho nzima ina bei, iliyovunjika haina heshima. Lishe haijui kuvunjika. Kipande na nzima ni kitu kimoja tumboni. Uza nzima, vipande weka kwenye chupa yenye kifuniko, na kila mtoto apewe konzi moja. Konzi ya kwake mwenyewe, kwa mkono wake mdogo. Nasema hivyo kwa sababu korosho ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, na mtu mzima anayekaa mbele ya runinga na bakuli zima naye nina maneno yake.

Kubangua nyumbani kuna adabu yake. Mnachukua bati lililotobolewa au kifuniko cha pipa, moto mkali, korosho zinatema mafuta, zinashika moto zenyewe, moshi unakuwa mweusi, unageuza kwa mti mrefu, kisha unazimwagia mchanga zizime na zinyonye yale mafuta. Yale mafuta ya ganda yanababua. Nimeona watoto wenye midomo iliyovimba kwa kupasua korosho mbichi kwa meno, na kila mwaka wanakuwepo wapya. Basi kazi hiyo ifanywe na mkubwa, nje, upepo ukiwa mgongoni.

Na bibo? Hapo ndipo nachoka. Kila korosho moja inakuja na tunda lake, na tunda hilo, kwa uzito ule ule, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Tunaziokota korosho, mabibo tunayaacha chini yaoze, nyuki na nguruwe washerehekee. Yanayopona yanakuwa pombe ya uraka, na uraka ukikenekwa unakuwa nipa. Kule Brazil lilikotoka, juisi ya tunda hili inanywewa mezani na watoto. Goa, India, wanalitengenezea pombe iitwayo feni na kuiuza kwa fahari, kwa hiyo hata walevi wetu wana ndugu wenye vyeti. Tatizo la bibo ni ukakasi, ulimi unakuwa kama umepakwa utomvu. Dawa yake ni rahisi: likate vipande, uvichemshe dakika chache kwenye maji yenye chumvi kidogo, umwage maji hayo, au kama ni juisi, uikorogee uji mwepesi wa mchele uliopoa na uiache ituame, ukakasi unashuka chini na uji, juu unabaki maji ya dhahabu. Nimefanya hivyo na wanafunzi. Tatizo la pili ni madoa ya nguo, na hilo sina dawa yake.

Bibo linaliwa Oktoba hadi Januari hivi. Baadaye linapokewa na embe. Wakati wa masika kuna kunde changa, matango ya shamba na mahindi mabichi. Kuanzia Mei ni karanga, njugu mawe na ufuta. Kati ya Juni na Agosti mbaazi zikiwa bado mbichi zinachemshwa na maganda yake, unavuta kwa meno kama mtu anayepiga kinanda cha mdomo. Angalieni jinsi kalenda hiyo inavyowatendea vizuri wala muhogo: kunde, mbaazi, njugu mawe na karanga vyote vinaleta protini, matunda yanaleta vitamini. Utadhani aliyepanga misimu aliona chungu chetu kwanza. Kashata ya ufuta au ya karanga ingeweza kukaa kwenye ile meza ya nne shuleni mwaka mzima, na mama mwenye meza asingepata hasara. Sukari apunguze tu.

Sasa niseme juu ya muhogo mchungu, maana hapa muhogo na asusa vinakutana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa njaa, watu wa wilaya hii ya Masasi waliugua kwa muhogo usioandaliwa vizuri. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walipofuatilia wakakuta kwamba kaya zilikuwa zimefupisha njia: badala ya kukausha kwa siku nyingi, muhogo ulitwangwa na kuanikwa, ukatwangwa tena na kuanikwa, ukaliwa haraka. Wazee mnaijua hiyo, chinyanya. Njaa haina subira. Sumu ya muhogo mchungu ni sianidi, na mwili una namna ya kuivunja, lakini unahitaji salfa kufanya kazi hiyo. Salfa mnaijua, mnaipuliza kwenye mikorosho kila mwaka dhidi ya ubwiriunga. Msije mkairamba ile ya mfukoni! Salfa ya mwili inatoka kwenye protini. Ndiyo sababu konzo, ule ugonjwa unaopoozesha miguu na ambao umewahi kuonekana mkoani Mtwara, huwapata zaidi wanaokula muhogo mchungu peke yake bila kunde, bila samaki, bila nyama. Kwa hiyo konzi ya njugu mawe saa kumi jioni inafanya kazi mnayoiona na kazi msiyoiona.

Karanga nazo zina masharti yake. Iliyonyauka, yenye ukungu au yenye uchungu, itupe. Usiisage ukadhani utaificha kwenye kashata. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo. Kuanika juani kwenye turubai na kuhifadhi mahali pakavu ndiyo kinga.

Haya yote ni kwa ajili ya mtoto, na juu ya mtoto kuna simulizi la asili ya Wamakonde ambalo Karl Weule, Mjerumani aliyekuja Masasi na Newala mwaka 1906, aliliandika kwenye kitabu chake. Mtu aliyekuwa peke yake alichonga sanamu ya mti, usiku ikawa mwanamke. Wakazaa karibu na mto, mtoto akawa mfu. Wakavuka hadi bonde la mto mwingine, wakazaa tena, naye mfu. Wakarudi juu kwenye uwanda, na huko mtoto akaishi. Bibi yangu alilisimulia simulizi hilo kueleza kwa nini tunakaa mbali na maji. Mimi kila nikilikumbuka nasikia jambo jingine: watu waliokubali kubeba ndoo maisha yao yote ili mtoto apone. Leo, kwa takwimu za kitaifa za 2022, watoto 30 kati ya kila 100 nchini walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na sisi wenye korosho tumo.

Mtoto mdogo ndiye mwenye haja kubwa ya asusa kuliko wote, kwa sababu ya kipimo cha tumbo lake. Mtoto wa kilo 8 hawezi kubeba zaidi ya robo lita kwa mara moja. Ukimjaza uji mweupe mwepesi, umemjaza maji. Akifika miezi tisa anahitaji milo mitatu au minne na asusa mara moja au mbili, na hizo asusa ziwe nzito: embe lililopondwa, parachichi likipatikana, uji uliotiwa unga wa karanga au wa korosho. Nasema unga. Korosho nzima au karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, inamkaba. Na mikono inawe, ya mlaji na ya mlishaji. Najua nazungumza na watu ambao mabomba ya mradi wa maji yakikauka wanarudi kupima maji kwa kikombe, na kuosha embe kunaonekana kama uharibifu. Basi embe limenywe, na kikombe kimoja cha maji kitumike kwa vidole.

Nimemaliza ya kliniki, niende stendi. Leo asubuhi niliposhuka kwenye gari hapa Masasi nilimkuta mama mmoja ana beseni la ming'oko. Vijana wa mjini, mng'oko ni kiazi cha porini, chembamba kama kidole, kinachemshwa, unakimenya ngozi kwa kucha, unakichovya kwenye chumvi na pilipili, ukipata ndimu umefika. Tulipokuwa wadogo kilikuwa chakula cha njaa, na aliyekutwa anakila alikificha nyuma ya mgongo. Sasa kinapandishwa mabasi hadi Mtwara na Dar es Salaam, na watu wanakililia. Ni wanga, sitawadanganya, kwa hiyo nilinunua fungu moja na kumwomba muuza karanga wa pembeni kipimo kimoja, nikala vyote viwili. Mama akanitazama jinsi ninavyochanganya, akacheka, akasema, "Mwalimu, hicho si kiamshakinywa, hicho ni mlo."

Nikamuuliza anachimba wapi. Akasema zamani nyuma ya nyumba tu, sasa anatembea hadi jua linapanda, kwa kuwa vichaka vinafyekwa kila mwaka kupisha mikorosho. Nikamuuliza kama haogopi viishe. Akanionyesha kwa mikono yake, pale pale juu ya beseni, anavyofanya: anafuata lile shina lake linalotambaa, lililokauka, hadi chini, anafukua taratibu, anakata vidole vilivyokomaa, kile kichwa chenye mizizi midogo anakilaza shimoni kama kilivyokuwa, anakirudishia udongo, anaukanyaga kidogo kwa kisigino, kisha anahamia kichaka kingine.